Redio ya Intaneti ya Nyumbani: Ulizia Orodha ya Vituo Kabla Hujauliza Bei

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Ramadhani, nilimnunulia baba yangu redio ya intaneti katika duka moja la vitu vilivyokwishatumika hapa Mjini Unguja, nikasafiri nayo kwa boti hadi Pemba nikiwa na yakini kwamba safari hii mzee nimempatia. Baba anaishi nje kidogo ya Wete. Macho yake hayamruhusu tena kukaa na msahafu kwa muda mrefu, na alichokitaka hakikuwa kikubwa: Qur'ani inayosomwa mfululizo baada ya Alfajiri, habari za jioni, na vituo viwili vitatu vya nje ambavyo alizoea kuvisikiliza kwa masafa mafupi enzi zile redio kubwa ya betri ilipokuwa haiondoki barazani.

Dukani muuzaji aliiwasha, akageuza kitufe, na ZBC, redio ya hapa Zanzibar, ikatoka wazi bila ya mkwaruzo. "Bibie, mwenyewe si unasikia?" aliniambia, nami kwa kusikia huko nikatoa shilingi 180,000. Sikutambua kwamba nilichokisikia kilikuwa FM, jambo ambalo redio ya shilingi 20,000 hulifanya vilevile. Tulipofika nyumbani tukaiunganisha na intaneti ya simu ya mpwa wangu, ikashika, alama za mawimbi zikajaa, kisha kwenye kioo pakatokea kiduara kidogo kinachozunguka. Kilizunguka magharibi yote. Baba aliipakata magotini, sikio ameliegemeza kwenye spika, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona haisemi?" Siku ya tatu tuliipeleka kwa fundi Chake Chake, akaifungua, akaifunga, akatwambia kwamba redio ni nzima kabisa, kilichokufa ni kule inakochukulia orodha ya vituo.

Ndiyo sababu ya mwongozo huu, na ndiyo sababu sitazungumzia rangi, ukubwa wala uzuri wa sauti, mambo ambayo kila mtu anaweza kuyapima kwa macho na masikio yake pale pale dukani. Ninataka tuzungumze juu ya orodha.

Redio ya intaneti haina vituo ndani yake. Kila unapochagua kituo, huuliza kwanza kompyuta iliyo mbali, inayomilikiwa na kampuni nyengine kabisa, kituo hicho kinapatikana kwa anwani gani ya intaneti, na baada ya kujibiwa ndipo inapokwenda kuchukua sauti. Katika redio nyingi hata zile namba moja hadi kumi unazohifadhia vituo unavyovipenda hazihifadhi anwani yenyewe, bali huhifadhi jina tu la kwenda kuulizia tena. Kwa hivyo kampuni yenye orodha ikifunga mlango, redio yako hubaki na FM na saa ya ukutani. Hili si jambo la kufikirika. Huduma ya orodha ya vituo ya Reciva, ambayo redio nyingi za miaka ya 2000 na iliyofuata ziliitegemea, ilisitishwa mwaka 2021, na redio zilizokuwa hazina njia nyengine zikanyamaza zikiwa mpya kwa sura. Mwaka 2019 redio zilizotengenezwa kwa chipu za Frontier Silicon zilihamishwa kutoka orodha ya vTuner hadi ile ya Airable. Hizo hazikufa, lakini watu walivipoteza vituo walivyokuwa wamevihifadhi na wakalazimika kuanza upya. Vituo navyo hubadilika kwa upande wao: Julai 2023 BBC iliacha kurusha redio zake kwa mfumo wa zamani wa Shoutcast, na vipokezi vilivyokuwa havijui mfumo mwengine vikazikosa.

Kutokana na hayo, suali langu la kwanza kwa redio yoyote ni moja: je, ninaweza kuingiza anwani ya kituo mimi mwenyewe, ikakaa ndani ya redio, bila ya kumuomba mtu ruhusa?

Kwa suali hilo, ninaiweka Ocean Digital mbele ya zote, na sifichi kwamba ninaipenda. Nyingi ya redio zake za sasa hukuwezesha kufungua kivinjari cha simu, kuandika namba ya redio hiyo katika mtandao wa nyumbani (anwani ya IP), na ukurasa mdogo ukafunguka ambamo unabandika anwani ya kituo na kukipa jina unalotaka. Ni dakika mbili tu, na kazi hiyo anaweza kuifanya mtoto wa skuli. Baba sasa anayo ya aina ya WR-26, ndogo, inayokaa kitandani karibu na mto wake. Vituo vyake vitano nimeviandika kwa Kiswahili: "Qur'ani", "Habari" na kadhalika. Ina betri ndani na huchajiwa kwa waya wa USB, hivyo umeme ukikatika hutumia betri yake, na ikiisha huchomekwa kwenye pawabenki. Sisi tuliokaa gizani karibu miezi mitatu Unguja, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme ya baharini ilipoharibika, hatuhitaji kuelezwa thamani ya betri. Ila ukumbuke kwamba ruta nayo inahitaji umeme, kwa hivyo saa hizo utatumia intaneti ya simu. Aibu ya redio hii ni umbo lake la plastiki nyepesi na sauti isiyojaa chumba kikubwa, jambo ambalo kwa mzee mmoja katika chumba kimoja halina uzito.

Ya pili ni Sangean. Kampuni hii ya Taiwan imekuwa ikitengeneza redio tangu 1974, na hilo huonekana kwenye vitufe, vinavyobonyea kwa uhakika na kurudi mahali pake, na kwenye sauti iliyotulia. Kwa mtu mwenye uwezo wa kifedha ambaye husikiliza sana FM pamoja na intaneti, ningeipendekeza bila ya wasiwasi mkubwa. Wasiwasi mdogo nilionao ni ule ule wa orodha: baadhi ya miundo yake ya zamani ilikuwa ya Reciva, na ndiyo inayoletwa kwenye makontena ya vitu vilivyotumika. Tizama muundo kwanza, jina la kampuni baadaye.

Roberts ya Uingereza ninaiweka ya tatu, na ninajua baadhi ya wasomaji hawatapendezwa, kwa sababu ndiyo jamaa zetu walioko huko wanayotuletea. Ni kampuni ya tangu 1932 na redio zake ni nzuri kwa sura na kwa sauti. Lakini sehemu kubwa ya bei yake unalipia DAB, mawimbi ya dijitali ambayo hapa kwetu hayakusaidii kitu, na kwa upande wa intaneti zile zenye chipu za Frontier zinakufunga kwenye orodha ya mtu mwengine. Ukiletewa zawadi, ipokee na umshukuru aliyekuletea. Kununua kwa pesa yako ni jambo jengine. Walio na jamaa Marekani nao watizame adapta imeandikwa nini: ikiwa ni volti 120 tu, usiichomeke kwenye umeme wetu wa volti 230, ikiwa ni 100 hadi 240, kinachohitajika ni plagi ya pini tatu peke yake.

Kwa asiyekuwa na uwezo, simu ya zamani iliyounganishwa na spika ya Bluetooth itatosha, na sina zaidi la kusema juu yake isipokuwa kwamba mzee asiyeona vizuri hawezi kuitumia peke yake.

Kuna mambo mawili ya nyumbani ya kuyatengeneza kabla ya kuilaumu redio. Nyingi ya redio hizi hushika Wi-Fi ya 2.4 GHz tu, na ruta za sasa mara nyengine huwa zimewekwa kwenye 5 GHz. Katika nyumba za Mji Mkongwe, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, hiyo 2.4 ndiyo inayopenya vyema. La pili ni bando. Kituo kinachorusha kwa kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 58 kwa saa, kwa hivyo anayesikiliza saa tano kila siku atatumia kasoro kidogo ya GB 9 kwa mwezi. Baadhi ya vituo vya Qur'ani na vya mazungumzo vina njia ya kilobiti 64, ambayo ni nusu ya hiyo, na sikio la kawaida halitambui tofauti katika kisomo cha msomaji mmoja.

Sasa nirudi kwa wauzaji, kwa sababu moyo wangu haujatulia. Niliporudi dukani na redio ile, nilioneshwa karatasi iliyobandikwa ukutani kwamba mali ikishauzwa hairejeshwi. Risiti sikupewa siku ya kununua na sikupewa siku ya kurejea. Nilipouliza kwa nini redio iliyokwishatumika inauzwa 180,000, nikajibiwa kwamba ni ushuru, na nilipouliza ushuru wa kiasi gani, nikaambiwa nimuachie nafasi mteja mwengine. Muuzaji anayejaribisha FM mbele ya mnunuzi wa redio ya intaneti ama haijui bidhaa yake au anaijua vyema sana, na katika hali zote mbili pesa inayopotea ni ya mzee wa watu.

Kwa hivyo nenda dukani na simu yenye bando. Iwashe itoe intaneti, uiunganishe redio mbele ya muuzaji, na umwambie afungue kituo cha nje ya Afrika Mashariki, kisha cha pili kutoka nchi nyengine. Hesabu sekunde. Ikiwa imenyamaza dakika nzima na kiduara kinazunguka, irejeshe kwenye meza. Ikisema, mwambie akuoneshe mahali pa kuingizia anwani ya kituo, na muingize moja pamoja, pale pale, kabla hujafungua mkoba.