Doa la ukuta wa bafu: usome mita au umwage maji ya rangi?

Doa letu liko chumbani, upande wa pili wa ukuta wa shawa, la njano lenye kingo za kahawia, tumepaka rangi mara mbili na linarudi tu. Fundi akaja na nyundo tayari kuvunja tailizi, nikamwambia ngoja kwanza.

Kusoma mita ya maji ni bure. Usiku unafunga koki zote, simtank ijae mpaka boya likate, unapiga picha namba, asubuhi unaangalia. Ikisogea jua bomba la presha, yaani lile la kuleta maji, linavuja, au choo kinapitisha maji kimyakimya. Ila kama nyumba inatumia maji ya tanki mita inaweza isikuonyeshe haraka uvujaji mdogo wa mabomba ya ndani, hapo bora ufunge maji yanayoingia kwenye tanki, uchore usawa wa maji kwa maka peni.

Maji ya rangi ya chakula yanakamata kile mita haioni: unaziba tundu la sakafu ya shawa kwa kitambaa na nailoni, unayamwaga hapo, unaacha masaa kadhaa, maana grauti (ile ya kujazia kati ya tailizi) iliyopasuka inavujisha mtu akioga tu. Mimi ningeshtuka mapema, doa lilikuwa linakolea kila tukipata wageni! Mita haikusogea wala maji ya tanki hayakushuka chini ya alama, ila kesho yake baada ya kumwaga maji ya rangi, wekundu wake ukachungulia chumbani juu ya skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta.