Fedora kwenye kishikwambi cha mtumba: uzoefu wangu ghalani Newala

Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Newala. Msimu wa korosho ukifunguliwa, kazi yangu ni kusimama kwenye mizani: gunia linapanda, nasoma kilo, naingiza jina la mkulima na uzito, linashuka, linapanda jingine. Kompyuta mpakato kwa kazi ya kusimama hivi ni mateso. Ndiyo maana nilinunua kishikwambi cha mtumba chenye kibodi ya kuchomoa, kikiwa na Windows 10. Msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na prosesa yake haimo kwenye orodha ya Windows 11. Nikaweka Fedora Workstation, yaani toleo la Linux (mfumo endeshi huria unaochukua nafasi ya Windows) lenye GNOME, ile sehemu ya mfumo unayoiona na kuigusa kwenye skrini, na msimu uliopita nimefanyia kazi humo.

Mfumo wenyewe unakubali kidole kweli. Wengi mnakumbuka Windows 8 ya mwaka 2012 ilivyoondoa kitufe cha Start na kujaza skrini vigae vikubwa, mpaka watu wa mausi wakalalamika, na 8.1 ikakirudisha mwaka uliofuata. Windows 8 ilikuwa na sura mbili, ya vigae kwa kidole na ya kawaida kwa mausi; GNOME ina sura moja tu kwa vyote. Unapandisha vidole vitatu, unaona madirisha yote uliyofungua. Unapandisha tena, orodha ya programu inakuja. Ukitelezesha kidole kutoka ukingo wa chini, kibodi ya kwenye skrini inajitokeza. Nimeweka ukubwa wa asilimia 200 kwenye mipangilio ya skrini, na hata kidole chenye vumbi la ghalani hakikosei kitufe. Skrini inajigeuza yenyewe ukikilaza au kukisimamisha. Mimi nimeifunga isigeuke, maana mkono mmoja uko kwenye gunia.

Shida iko kwenye programu. Daftari langu la mizani liko LibreOffice Calc, programu ya majedwali kama Excel, na Calc ilitengenezwa kwa mausi. Visanduku ni vyembamba, aikoni ndogo, na yale maelezo yanayotokea mausi ikipita juu ya aikoni huyaoni, kwa sababu kidole hakielei: kikigusa kimebonyeza. Nilipanua safu zote, nikakuza herufi, nikachagua aikoni kubwa kwenye mipangilio yake, nikabadilisha menyu ziwe za vichupo. Hapo ikatulia.

Lakini namba! Kibodi ya kwenye skrini inaanza na herufi, na tarakimu ziko ukurasa wa pili. Kuandika jina, kisha kugeuza ukurasa upate 78.5, kisha kurudi kwenye herufi kwa mkulima anayefuata, huku foleni imefika nje na jua linawaka, hakuna anayeweza kuvumilia. Halafu hiyo kibodi inakula karibu nusu ya skrini, na mkulima aliyesimama kando yangu haoni tena mstari wake. Na lazima auone. Yeye ndiye mwenye korosho, ana haki ya kusoma kilo zake zikiandikwa kabla gunia halijashuka. Dawa niliyoipata ni kibodi ndogo ya namba ya USB, ile ya kuchomeka pembeni. Majina yote nayaingiza jioni ya jana yake nikiwa nimekaa, kwa kibodi kamili. Mizanini nagusa jina kwa kidole na kupiga kilo kwenye kile kibodi kidogo. Skrini inabaki wazi kwetu sote wawili.

Jambo jingine ni usimbaji wa diski, yaani kuifunga diski kwa nywila ili mwingine asiweze kusoma yaliyomo. Kwa faili lenye majina na akaunti za benki za watu, nashauri uuwashe wakati wa kusakinisha. Ila ujue nywila yake inaombwa mapema sana kishikwambi kinapowaka, kabla kibodi ya skrini haijapatikana. Kibodi halisi iwe kwenye mkoba kila siku, la sivyo utakibeba kama sinia.

Anayetaka kujaribu asifute kitu kwanza. Weka Fedora kwenye flashi, washa kutokea hapo, chagua kujaribu bila kusakinisha. Gusa kila kona ya skrini, kigeuze, unganisha Wi-Fi, fungua kamera. Kamera ndiyo mara nyingi hugoma kwenye vishikwambi vya aina hii. Kama kazi yako ni kupiga picha stakabadhi, ipime hiyo kabla ya yote.