Kalamu ya kupimia mafuta ya breki: taa ya kijani isikupe usingizi

Kalamu hii ina unene wa kidole. Ina betri moja ndogo ya AAA, ncha mbili za chuma na safu ya taa kuanzia kijani, njano hadi nyekundu. Unafungua kikopo cha mafuta ya breki kilicho juu ya mastasilinda (pampu kuu ya breki), unazamisha ncha, unabonyeza, na ndani ya sekunde chache taa inakwambia mafuta yamenyonya maji kiasi gani. Kijani ni mafuta makavu, njano ni kati ya asilimia 1 na 3, nyekundu ni 4 na kuendelea. Kazi imekwisha hata boneti haijapoa. Kasoro yake nayo imejificha humo humo kwenye urahisi.

Kalamu haipimi maji. Inapima jinsi umeme unavyopita kati ya zile ncha mbili, halafu inakisia maji kutokana na hapo. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, yaani madaraja ya mafuta ya breki yanayoandikwa kwenye chupa, zote ni za jamii ya glaikoli, na glaikoli hunyonya unyevu wa hewa kupitia tundu la kifuniko na hata kupitia mipira ya breki. Maji yakizidi, umeme hupita vizuri zaidi. Lakini dawa za kuzuia kutu, ambazo kila kiwanda huchanganya kivyake, nazo hubadilisha upitaji wa umeme. Chupa iliyofunguliwa dakika hiyo hiyo inaweza kuwasha njano bila kosa lolote, na mafuta ya zamani ambayo dawa yake imekwisha yanaweza kuonekana mema kuliko yalivyo.

Kwa hiyo, kabla ya kuiamini, ijaribu. Chukua mafuta mapya ya aina ile ile iliyo kwenye gari, kutoka chupa iliyokuwa bado na lakiri. Pima: lazima iwe kijani, la sivyo kalamu hiyo haiendani na mafuta hayo. Kisha kwa bomba la sindano changanya mililita 49 za mafuta na 1 ya maji, utikise vizuri. Hapo una asilimia 2. Kwenye chombo kingine weka 48 kwa 2, yaani asilimia 4. Kalamu isiyotofautisha vyombo hivi vitatu haifai hata kwa bure. Futa ncha kwa kitambaa kikavu kila baada ya kipimo, na ubadilishe betri taa zikianza kufifia, maana betri iliyochoka hudanganya kimyakimya.

Kasoro ya pili si ya kalamu, ni ya mahali inapochovywa. Mafuta ya kwenye kikopo hayazunguki kama ya injini. Yale yaliyo kwenye kalipa (kibanio cha pedi za breki gurudumuni), jirani na diski inayowaka moto, hukaa huko huko miaka, na kikopo kikiongezwa mafuta mapya kidogo, juu panasoma kijani ilhali chini kumeoza. Anayetaka jibu la kweli afungue kidogo nati ya kutolea upepo kwenye gurudumu moja, akinge mililita 10 hivi kwenye glasi safi na kavu, apime hayo. Mafuta ya kikopo yasishuke chini ya alama ya MIN wakati huo, la sivyo unaingiza hewa na kazi inakuwa nyingine.

Tunahangaikia maji kwa sababu ya kuchemka. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi. Ikishafikia asilimia 3.7 ya maji, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwenye mteremko mrefu mafuta yakichemka hutoa mvuke. Mvuke hubanwa, mafuta hayabanwi, na ndipo pedali inapozama hadi chini na gari halisimami. Breki zikipoa pedali inarudi kama kawaida, na dereva anaambiwa gari zima.

Kipimo kinachochemsha sampuli na kuonyesha nyuzi joto zenyewe ndicho kinachojibu swali hilo moja kwa moja. Huchota umeme kwenye betri ya gari na huchukua kama dakika moja. Ni ghali mara nyingi kuliko kalamu, hivyo ni cha gereji, si cha mwenye gari moja. Vipo pia vijikaratasi vya kuchovya vinavyobadilika rangi kulingana na shaba iliyoyeyuka kutoka ndani ya mabomba. Hivi havisemi lolote kuhusu maji. Vinaonyesha kama dawa ya kutu imekwisha. Shaba ikifika sehemu 200 kwa milioni, mafuta yamwagwe. Ni nyongeza nzuri kwa kalamu, kwa sababu kila kimoja huona asichokiona mwenzake.

Rangi isikutie wala kukutoa hofu. Mafuta mapya yenyewe hutofautiana, mengine kama maji, mengine kama asali, na yaliyotiwa weusi na vumbi la mpira si lazima yawe na maji. Kiwango kikishuka kwenye kikopo, hilo ni jambo la pedi zilizoisha au uvujaji, na kujaziajazia ni kuficha ugonjwa. DOT 5 ni silikoni: kalamu haina kazi nayo, na isichanganywe na nyinginezo.

Hukumu yetu: kalamu ni mlinzi wa mlangoni, si hakimu. Ikiwa imepita jaribio la vyombo vitatu na ikawasha nyekundu kwenye gari, badilisha bila kubishana nayo. Ikiwasha kijani na mafuta yamefikisha miaka 2, au muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari, badilisha vile vile. Kwa gari dogo, lita 1 kwa kawaida inatosha: fyonza ya zamani kwenye kikopo, jaza mpya, kisha toa upepo gurudumu hadi gurudumu kwa mpangilio wa kitabu, mpaka yatoke masafi yasiyo na mapovu. Baadhi ya magari ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki) yanahitaji kompyuta ya uchunguzi ili kufungua vali za ndani. Yakimwagikia rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo. Nusu chupa iliyobaki usiitunze kwa ajili ya mwakani. Itakuwa imeshakunywa unyevu ikiwa kabatini.