Luwombo ya Krismasi kwa asiye na kijiji: kibanda cha nyuma ya soko la Wandegeya

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya redio.

Desemba ikifika katikati, Kampala yote ina swali moja: unaenda kijijini lini? Nauli za basi zinapanda, watu wanabeba kuku hai, na sisi tuliokulia kwa walezi tunatafuta uongo wa kujibu. Amri ya malezi, ile ya mahakama inayomweka mtoto kwa mlezi, hukoma ukifika miaka 18. Baada ya hapo hakuna anayelazimika kujua utakula wapi sikukuu.

Kibanda hiki hufungua tarehe 25. Luwombo ya kuku, yaani kuku aliyepikwa kwa mvuke ndani ya jani la ndizi, mwaka jana ilikuwa shilingi 25,000, na matoke, wali kidogo na mboga ya nakati. Jani la ndizi linafunguliwa mbele yako, mvuke unakupiga usoni, mchuzi wa karanga ni mzito wenye harufu ya moshi. Kuku ni wa kienyeji, jiandae kutafuna. Ya ng'ombe iache, nyuzi tupu.

Mama mwenyewe ndiye anayepakua. Haulizi kwenu ni wapi. Anauliza, "Mwanangu, paja au kidari?" Matoke yakiisha anaongeza, halipishi. Meza ni moja, ndefu, kwa hiyo utabanana na askari wa kampuni ya ulinzi aliyetoka zamu ya usiku, nesi wa Mulago, mwanafunzi wa Makerere aliyekosa nauli. Mazungumzo ni Kiswahili cha kila namna, na habari kubwa ni mpira.

Sasa redio. Nyimbo za Krismasi, zote za kurudi nyumbani, kwa sauti ya kuziba masikio. Niliomba ipunguzwe, kijana wa jikoni akapunguza, nilipogeuka akapandisha. Kaa benchi la nje, karibu na majiko ya mkaa.

Mdogo wangu tuliyelelewa naye, ambaye bado yuko kwa mlezi, anasema mchana si tatizo, tatizo ni jioni, simu ikijaa picha za watu na jjajja zao, babu na bibi. Kwa hiyo tukishakula hatuagani hapo mlangoni. Tunapanda mpaka Makerere, tunazunguka hadi giza. Namba ya Sauti, 116, simu ya msaada kwa watoto, nimembandikia nyuma ya simu. Ni bure hata bila salio.

Agiza siku moja kabla na uache nusu ya pesa. Ikifika saa nane kuku wamekwisha, imebaki ile ya ng'ombe.