Uzoefu wangu: miaka mitatu ya muvi za kutafsiriwa, Majengo Dodoma

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, na tangu nihamie kibaraza hiki miaka mitatu iliyopita jirani yangu wa ukuta ni kijana mwenye duka la kujaza flashi. Muvi moja 500, sizoni 2,000, na ukichukua nyingi anakupunguzia. Karibu kila Jumamosi jioni naondoka na mbili tatu za kutazama na mama yangu nyumbani. Naandika kwa mtu anayependa sinema kweli kweli na anajiuliza kama kopi zilizotafsiriwa zitamtosha.

Sifa kwanza, maana wanastahili. Kopi za kijana hazikwami, na ukimrudishia iliyokatika katikati anakuwekea nyingine bila maneno. Halafu nyumbani kwetu bila mtafsiri hakuna sinema. Mama hasomi, kwa hiyo maandishi ya chini hayamsaidii kitu. Mimi mwenyewe nimekua na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa muvi, kwenye mabanda ya video, na hadi leo muvi ya Kihindi au ya makonde isiyo na mtu wa kukusimulia kwa Kiswahili naiona haijakolea chumvi.

Tatizo lilianza nilipotaka kufuata waongozaji badala ya waigizaji. Nilimwomba kijana muvi za Bong Joon-ho, mwongozaji wa Korea Kusini. "Dada, dairekta simjui, nitajie steringi," akanijibu. Nilipotaja Parasite akaitoa palepale, kwenye folda la Wakorea, imeshatafsiriwa.

Parasite ni ya 2019. Ilichukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa, na Februari 2020 ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata Oscar ya filamu bora. Familia maskini inayoishi kwenye nyumba iliyozama nusu chini ya ardhi inaingia mmoja mmoja kufanya kazi kwa matajiri, wakijifanya hawajuani. Kuna mahali baba wa familia ile anaendesha gari, mama tajiri kakaa nyuma anaongea na simu. Anabana pua, kisha anafungua dirisha. Dereva haambiwi neno, lakini ameona. Hapo hapo mtafsiri wetu akatupia utani wa mtu aliyekula maharage. Mama hakucheka. Ujanani aliwahi kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Sisi walikuwa wanatutengea na vikombe."

Wiki ile nikaomba kopi isiyotafsiriwa, nikaitazama peke yangu nikisoma maandishi ya Kiingereza. Niliumia nilipogundua yaliyokuwa yamefunikwa. Mtafsiri akianza kuongea, sauti ya muvi inashushwa, na pamoja nayo vinashuka muziki, mvua, nyayo za watu. Ile safari ya usiku, baba na wanawe wanashuka ngazi kwa ngazi kutoka mtaa wa matajiri, maji yanateremka pamoja nao hadi yanaijaza nyumba yao, karibu haina maneno. Sisi tuliopanga jirani na korongo tunajua maji ya Januari yanapita kwa nani na yanaishia kwa nani. Bong ameliweka jambo hilo bila kulisema. Mtafsiri alilisema, tena kabla halijatokea.

Sidai kwamba watafsiri hawajui kazi. Wamezoea muvi ambayo ukinyamaza dakika moja watu wanaanza kuongea yao. Mwongozaji Ryan Coogler wanamuweza vizuri sana: Creed ya 2015, muvi yake ya ndondi, tuliitazama imetafsiriwa, na lile pambano lililopigwa kwa mkupuo mmoja bila kukatwa, kelele za mtafsiri zilizidi kulipasha moto. Mama alisimama! Christopher Nolan ndiye usimchukue kabisa kwenye flashi. Oppenheimer ya 2023 ni saa tatu, imepigwa kwa kamera za IMAX, za skrini kubwa mno, na kopi niliyouziwa ilirekodiwa kwa kificho ukumbini, vichwa vya watu vinapita mbele. Niliifuta.

Filamu za kwetu sizichukui kwa flashi, na kijana anajua. Ninajua Bong naye hapati kitu kwenye 500 yangu, na jambo hilo linanisumbua, lakini kwa mtu wa hapa, anayehangaika kupata hela ya kupiga filamu inayofuata, nashindwa kabisa. Filamu iitwayo Binti, ya mwongozaji wetu Seko Shamte, ya 2021, niliitazama Netflix kwa bando langu, simu tumeiegemeza kwenye kopo la sukari. Wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na sehemu yake. Mama aliitazama hadi mwisho bila kuniuliza swali. Ninampenda Shamte kwa sababu hamharakishi mwanamke anayeumia, anamwacha akae na uchungu wake mbele yetu. Natamani mitaji ya filamu zetu iende kwa watu wanaothubutu hivyo.

Duka nalipatia nyota nne kati ya tano. Kopi za kutafsiriwa nazipa tatu: za ngumi na mbio chukua bila wasiwasi, za waongozaji wa taratibu tafuta ya asili kwanza.

Mwezi uliopita kijana alinitafutia Atlantics ya Mati Diop, ya Senegal, iliyopata Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa, Cannes 2019. Hakuipata iliyotafsiriwa. Vijana wanajenga mnara Dakar, wamefanya kazi miezi bila mshahara, wanapanda mtumbwi. Mazungumzo ni Kiwolofu. Nilikaa karibu na mama nikamsomea mimi, sentensi kwa sentensi, na kila bahari ilipojaza kioo nilinyamaza. Mara ya tatu au ya nne akaniuliza, "Hapo wanasemaje?" Nikamwambia hawasemi kitu. Akasogeza kigoda karibu na televisheni.