USMCA: cheti rahisi, kifungu 32.10 kizito
Kwa watengenezaji magari, USMCA, mkataba wa biashara wa Marekani, Meksiko na Kanada, unaotumika tangu Julai 1, 2020, ni mgumu kuliko NAFTA, mkataba uliotangulia: asilimia 75 ya thamani ya gari itoke ndani ya kanda ili lipate nafuu ya ushuru, si 62.5 tena. Cheti cha asili (kinachoonyesha bidhaa imetoka wapi), hata hivyo, unajiandikia mwenyewe, taarifa 9 tu. Hapo mkataba unastahili sifa.

Kinachotukera ni kifungu 32.10. Mwanachama anayetaka mkataba wa biashara huria na nchi isiyo ya uchumi wa soko, yaani ambako serikali ndiyo huongoza uchumi (China haikutajwa, lakini nani mwingine?), lazima awaarifu wenzake miezi 3 kabla ya mazungumzo. Akishasaini, wanaweza kumwacha nje kwa notisi ya miezi 6. Hilo ni rungu la Washington ndani ya karatasi za forodha.