Duka la dawa za asili Kariakoo: cheti kipo, lebo haipo

Nilipoingia katika duka hili nilitazama kwanza ukutani, kwa kuwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kabla ya kuhudumia watu. Cheti kilikuwapo, na mganga mwenyewe aliniuliza kwa makini kuhusu vidonge vya presha ninavyomeza, swali ambalo hata hospitalini si kila mara huulizwa. Hata hivyo, chupa ya mchanganyiko wa mlonge aliyoniuzia haikuwa na namba ya usajili wala tarehe ya mwisho wa matumizi, ilhali kusajiliwa kwa mganga si kusajiliwa kwa dawa yake. Niliirudisha, nikarejeshewa fedha bila ubishi.